Mtungi wa Merab Umefunguliwa Kabla ya Harusi

Vani, 20 Februari 1990

Merab baba,

Hujambo huko Moscow? Baridi imekuachia vidole? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa mama yako, ambao anautumia kunituma dukani.

Bila shaka umesikia. Timu zetu za Georgia zimejitoa kwenye ligi ya Muungano wa Kisovieti. Mwezi ujao tunaanza ligi yetu wenyewe, na timu ya Vani imo daraja la juu. Jirani Nodari anacheka, anasema ligi yenyewe ni ndogo hata bingwa atatoka kwa mashemeji. Acheke. Tumecheza chini ya bendera ya Moscow vya kutosha. Kocha Otari amekuja mwenyewe kukuulizia, maana golini hana mtu.

Rudi nyumbani.

Baba yako,
Valiko

Moscow, 6 Machi

Baba, shikamoo.

Vidole ninavyo vyote. Mpe mama pole ya mgongo.

Nimekaa benchi misimu mitatu. Wiki iliyopita kipa wetu wa kwanza aliumia goti, na sasa glavu ni zangu. Wewe ndiye uliyenipigia mipira kwenye ukuta wa zizi ukinifokea kwamba kipa haachi lango. Leo unaniambia niache? Na ligi ya mashemeji ataitazama nani?

Sirudi. Na ule mtungi wa divai uliouzika nilipozaliwa uache ardhini mpaka nioe, kama ulivyoahidi.

Mwanao,
Merab

Vani, 2 Aprili

Merab baba,

Salamu nyingi, afya njema ninayo, amani nyumbani sina.

Nimeufungua. Siku ya mechi yetu ya kwanza nilibandua udongo, nikaondoa jiwe, na mtaa mzima ukaja na vikombe. Tulikunywa kwa ajili ya nchi, wote tumesimama kama inavyopasa, hata Nodari na magongo yake. Kisha tukaenda uwanjani tukafungwa manne. Golini alikaa Guram, mwoka mikate. La tatu lilimpita katikati ya miguu, akageuka kuwaomba radhi mashabiki. Walimpigia makofi.

Mama yako hasemi nami. Anasema nimekunywa harusi ya mtoto. Lakini unajua mtungi ukishafunguliwa haufungiki tena, na joto likiingia divai inakuwa siki. Nimekuachia nusu. Sitakuomba mara ya pili.

Baba yako

Vani, 19 Mei

Merab baba,

Natumaini u mzima, kwa kuwa barua yangu hukuijibu.

Nilikuwa nimeapa kutoitazama tena ligi ya Muungano. Kwa hiyo juzi nilisimama nje, dirishani kwa Nodari, nikichungulia televisheni yake, mvua ikininyeshea, ili isihesabike. Nimekuona ukidaka penalti. Umedaka vizuri.

Divai imeanza kuchachuka.

Baba yako

Moscow, 28 Mei

Baba, shikamoo. Mvua hiyo isije ikakuletea homa.

Baada ya mechi uliyoiona kupitia dirisha tulifanyiwa karamu. Kocha akainua glasi, akasema tunywe kwa ajili ya ligi moja, na waliokimbia wakacheze na ng'ombe wao. Wote wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa.

Akaniambia, “Simama, kijana.”

Nikamwambia, “Kwetu mtu husimama kwa ajili ya anachokiheshimu.”

Akasema nisimame au niziache glavu. Nimeziacha palepale mezani, kando ya sahani ya samaki. Inaniuma, baba, sitakudanganya. Lango lile nililingoja mno.

Usijisifu, si mtungi wako ulioniita. Nina hasira nawe bado juu ya harusi yangu, na mwambie mama niko upande wake. Nashuka kwa treni Alhamisi. Guram arudi kwenye tanuri lake.

Na ile nusu usiimwage, hata kama ni siki tupu. Hiyo nitainywa nimesimama.

Mwanao,
Merab