Yule Mwekundu Asiuzwe Kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha upumue. Mama naye namwamkia kwa heshima zote, na wadogo zangu wote nawasalimu, hata yule aliyenivunjia kioo cha mkononi akasingizia paka. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala kwa kuungaunga, na kiwiko cha mkono wa kulia kimevimba lakini kinapona. Habari za kiwiko utazipata huko mbele.

Kabla sijaenda mbali nina ombi moja, nalo nakuomba ulitimize hata kama utakasirika na kuitupa barua usiimalize. Yule ng'ombe mwekundu asiuzwe. Najua umeshaelewana na mchinjaji, najua mnada ni wiki ijayo, na najua ni mimi mwenyewe niliyesema hana mimba na kwamba anamaliza majani bure. Mwache zizini kwanza, usome, halafu uamue. Barua hii nimempa binamu, nikamwapisha aikabidhi mkononi mwako na si kwa mama, maana mama ataisomea mlangoni kwa sauti na majirani watakuwa wameshaijua kabla yako.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, baba, Alhamisi jioni, nawe unakumbuka. Uliipokea kwa furaha, ukawatangazia wenzako uliokuwa umekaa nao kwamba ni daktari wenu anapiga, ukaweka spika wote wasikie. Hata sijavuta pumzi ukanipa mgonjwa, mbuzi wa jirani anayeharisha. Nikauliza kama anakunywa maji, nikasema atengwe na wenzake, mkanisifu mpaka nikasikia mtu anapiga makofi. Baada ya hapo ningeanzia wapi? Nikakuaga, nikabaki nimesimama kwenye korido ya bweni na simu mkononi, nimejichukia. Ushauri wa mbuzi ulikuwa wa kweli, huo usiwe na wasiwasi nao.

Sasa nikueleze wiki yangu. Darasa letu lilikuwa na zamu kwenye shamba la chuo, kazi yetu ikiwa kupima mimba za ng'ombe. Wewe uliniona nikiifanya kazi hiyo hapo nyumbani, kwa hiyo najua hutashangaa: unavaa glovu ya plastiki inayofika begani, unaipaka sabuni, unaingiza mkono kwa nyuma, mahali ambapo mama alisema hataki kusikia habari zake wakati wa kula, na huko ndani unautafuta mfuko wa uzazi kwa vidole. Kwa mtamba mdogo ambaye hajazaa mfuko uko karibu, unaukuta mara moja. Kwa ng'ombe mkubwa aliyezaa mara kadhaa, mfuko umeshuka mbele, umeuvuka mfupa wa nyonga na kuzama tumboni. Huko lazima mkono uende mbali, upinde chini, uupandishe.

Mhadhiri wetu ni mtu wa taratibu. Ng'ombe mmoja hupimwa na wanafunzi wawili, mmoja baada ya mwingine, na wa pili ndiye mlinzi wa jibu. Likikosewa, lawama ni yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumshika wa kwanza asipotee. Majibu yanayoruhusiwa ni matatu: ana mimba, hana, au sifiki. Siku ya kwanza kabisa ya mafunzo haya, mwanzoni mwa mwaka, mhadhiri alisema hilo la tatu ni jibu halali kama mengine na halina aibu. Mimi nikaliamini. Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa mkubwa, nikasema sifiki, na darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama niletewe kijiko. Tangu siku hiyo sijamsikia mtu yeyote akilisema jibu hilo, wala mimi sikulirudia. Mikono hii unaijua ilikotoka, baba, ni ya upande wa mama, naye usimtanie.

Siku hizi wananiita Mashine, kwa sababu nikiingiza mkono natoa jibu upesi kuliko wote. Mwenzangu wa kupima naye ni kijana mrefu tunayemwita Ngazi, mpole, mvivu kidogo, anayeniamini kuliko anavyojiamini. Jumatatu tuliletewa ng'ombe mweusi, mzee, tumbo kubwa, mwenye tabia ya kugeuza shingo na kukutazama ukiwa kazini. Nikaingiza mkono hadi kwapani. Nikaukuta mfupa wa nyonga, nikaupapasa ukingo wake, na baada ya ukingo hakukuwa na kitu. Mhadhiri alikuwa amesimama na kalamu yake, anangoja. Nikasema hana. Ngazi akaingiza mkono na kuutoa kama anayeonja joto la maji ya kuoga, naye akasema hana.

Jumanne ndiyo siku ya kiwiko. Ng'ombe hufungiwa kwenye kichochoro chembamba cha mabomba ya chuma, na mimi nilikuwa nimejikunja nyuma, mkono wote uko ndani, mara ng'ombe akakunja miguu ya nyuma akitaka kulala. Mkono ukabanwa kati ya uzito wake na bomba. Siwezi kuuchomoa, siwezi kuusogeza, shavu langu limeshikana na matako yake, na wenzangu wanapiga kelele kila mtu na ushauri wake. Ngazi aliruka vyuma akamwinua mkia mpaka akasimama. Walicheka sana baadaye, nami nikacheka nao. Lakini pale nilipokuwa nimebanwa, baba, nilijiona wazi kuliko kwenye kioo chochote. Nilijua kwamba ndivyo ninavyoishi, na kwamba hapa hakuna wa kuniinulia mkia.

Jumatano, ng'ombe wote tuliosema hawana mimba na ni wazee walipakiwa kwenye lori. Ndiyo kawaida ya shamba: asiyezaa haachwi amalize majani ya wenzake. Yule mweusi alikataa kupanda. Ilibidi asukumwe, na mmoja wa waliomsukuma ni mimi.

Alhamisi tulipelekwa machinjioni kujifunza ukaguzi wa nyama. Ni ukumbi mrefu wa vigae vyeupe, sakafu inateleza, maji yanapita muda wote, na buti za mpira tulizopewa zilikuwa kubwa kwangu. Mkaguzi alikuwa akituonyesha maini, tunashika, tunabonyeza, tunaandika. Kisha akatuita kwenye meza ya pembeni, akasema hiki ni kitu ambacho shamba la chuo halikupaswa kukileta. Ulikuwa mfuko wa uzazi, mkubwa, mzito, nao aliupasua mbele yetu. Ndama alikuwa ameshaumbika kikamilifu. Kwato zake laini, kope anazo, mdomo wake mdogo umefumba. Alikuwa mweusi. Mkaguzi akaeleza kwamba kosa hili ni la kawaida kwa wanaojifunza: mimba ikifika katikati, ndama huwa mzito, huuvuta mfuko chini kabisa, na mkono usiofika hurudi mtupu. Alisema maneno haya taratibu na bila ukali, nami nilitamani angenipiga kofi.

Hapo ndipo nilipokupigia simu, baba. Sikuwa na jambo la mbuzi.

Ijumaa mhadhiri alituita ofisini kwake, mimi na Ngazi. Chumba ni kidogo, kina mifuvu ya wanyama juu ya kabati, na viti viwili vilivyobanana na mlango, kiasi kwamba ukikaa mlango haufunguki. Akauliza ilikuwaje. Ngazi akajibu kabla yangu. Akasema yeye ndiye aliyekuwa wa pili, hakupima ipasavyo, alimwamini mwenzake badala ya mkono wake, kwa hiyo kosa ni lake. Mhadhiri akasema kama ni hivyo basi mazoezi yake ya mwaka huu yanafutwa na mwaka atarudia, na kwamba Jumatatu atalipeleka jina lake kwa mkuu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Tulipotoka nje Ngazi ndiye aliyenifariji. Aliniambia nisijisumbue, hata mashine huharibika siku moja moja. Yeye ana mdogo wake anayemngoja amalize ili naye aanze, sijui kama amekwisha mwambia.

Leo ni Jumamosi. Wenzangu wa chumbani wamekwenda kufua, nami nimejifungia nikuandikie. Nimeandika mwanzo mara nyingi na kuchana, kwa sababu kila nikiandika neno baba nakuona ukiwa umesimama getini unamwelekeza mgeni: pale ndipo kwa daktari. Sasa nasema.

Sikukosea, baba. Kukosea ni kushika kitu na kukidhania kingine. Mimi sikushika kitu. Mkono wangu haufiki. Kwa ng'ombe wakubwa haujawahi kufika tangu siku ile walipocheka, na majibu yote niliyotoa upesi, yaliyonipa jina la Mashine, nilikuwa nabahatisha. Natazama tumbo, natazama anavyotembea, natazama uso wa anayemfunga kamba, nasema. Mara nyingi nilipatia. Mtihani niliufaulu kwa kuwa niliangukiwa na mtamba mdogo. Ndani ya ng'ombe, kitu usichokifikia na kitu kisichokuwepo vinafanana kabisa, nami nimekuwa nikisema hakipo kwa sababu kusema sifiki kuliniuma.

Na yule mwekundu wetu ni mkubwa, amezaa mara nne. Siku ile ya likizo ulikuwa umewakusanya majirani pale zizini, umewapangia hadi viti, na mama amenishikia ndoo ya maji na taulo safi la wageni. Niliingiza mkono nikafika kwenye mfupa, hapo hapo nilipofika kwa yule mweusi. Ningeweza kusema sifiki. Niliwatazama ninyi wote mnavyonitazama, nikasema hana.

Sijui kama ana mimba, baba. Ndilo jibu langu la kweli, na nimechelewa kulitoa.

Jumatatu asubuhi, kabla mhadhiri hajalipeleka jina la Ngazi popote, nitakuwa mlangoni kwake. Nitamwambia alichokuwa akikiandika kwa kalamu yake mwaka mzima kilikuwa nini. Sijui atanifanya nini. Anaweza kunirudisha nyuma mwaka, anaweza kuniambia kazi hii si ya mikono yangu, na anaweza kunirudisha nyumbani kabisa. Ninaogopa sana. Nimetafuta njia ya kutokea ambayo haipiti kwako na kwa mhadhiri, nimeikosa.

Sasa ombi langu gumu. Bwana mifugo, yule uliyemwambia mbele ya watu kwamba asirudi tena kwako kwa sababu umeshazaa daktari wako mwenyewe, nakuomba umwendee. Ni mtu mrefu, mikono yake inafika magotini. Mwombe msamaha kwa niaba yangu na umlete ampime mwekundu. Najua ninachokuomba. Najua majirani watamwona akiingia getini na glovu zake, na najua watakachoulizana. Wakikuuliza wewe, usinitetee, waambie binti yako hakufika.

Akisema ana mimba, mpunguzieni kazi, mumwongeze maji na majani mazuri, na mama anipigie anijulishe. Akisema hana, basi nipigie wewe, lakini tafadhali baba, usinisifu wala usiwaambie watu kwamba nilikuwa sahihi. Nilikuwa sijui.

Mnisalimie wote hapo nyumbani, na mama umweleze mwenyewe, taratibu, akiwa ameshakula. Mungu akuweke na akupe subira nami. Nikipona kiwiko na nikiwa bado nina darasa la kurudi, nitaandika tena. Nikiwa sina, utaniona nimesimama getini, nakuomba unifungulie.

Ni mimi binti yako,
ninayekupenda na kukuheshimu.