Madungu Yaliyogeukia Boma

Rudewa, Kilosa
20 Mei 1979

Kaka yangu mpendwa Hezekia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Uganda ukiwa mzima, na kidonda cha mguu kimefunga. Sisi hatuumwi, ila Mama anakula kidogo sana. Baba anakusalimu.

Uliuliza mdogo wetu Lazaro alikufaje. Simu ya maandishi ilikwambia alichomwa mkuki akilinda mahindi. Si kweli, na siwezi kukuacha uamini hivyo.

Ng'ombe wa mzee Parit, jirani yetu mfugaji, waliingia shambani kwetu kama kila mwaka. Zamani tungegombana, angetoa ndama, yakaisha. Safari hii vijana wa kabila lake walikuwa wamemtembelea kutoka Kiteto, na mwenyekiti wetu, Makarius, akasema wageni wale hawakufuata maziwa tu. Unayakumbuka madungu tunayokaa juu yake kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Aliagiza yajengwe upya ukingoni, yakitazama boma la Parit, na kila dungu apande mtu mwenye upinde. Alisema ni kujilinda tu. Lazaro alipanda la kwanza akitania kwamba mwaka huu nguruwe wamevaa shuka.

Parit alipoona madungu yamemgeukia, aliwaondoa wanawake, watoto na ndama kuelekea Kidete. Wanaume wetu wakaona anasafisha uwanja wa vita. Mkutanoni mtu mmoja alimuuliza Makarius kama anangoja achomwe mkuki ndipo aitishe kikao. Baba alisema wale bado wachache; wakishaongezeka hatutawaweza, kwa hiyo tuwahi. Nilisimama nikasema labda wanakimbia. Waliniambia, mwalimu, rudi kwenye chaki zako.

Walikwenda alfajiri, wakachoma boma. Ng'ombe walikanyagana ndani, wengine wakatoka migongo ikiwaka. Parit alikatwa mapanga mlangoni, mkononi hana hata fimbo. Lazaro aliruka ua wa miiba kabla ya wenzake, na mkuki ukamwingia chini ya mbavu ukatokea mgongoni. Walimleta juu ya kitanda cha kamba, damu ikichuruzika njia nzima. Alikuwa akiniita mimi, kaka, si Mama. Nilimshika tumbo kwa mikono miwili na bado alinimwagikia.

Baadaye zahanatini nilimkuta Namayiana, mkwe wa Parit, mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa amerudi kuwafungulia ng'ombe zizi, na mikono yake imeungua mpaka viwikoni. Aliniuliza, mwalimu, kwani ninyi wenzetu mkihama mnaacha watoto mpaka mwisho? Walikuwa wanahama, kaka. Wanaume walibaki kukusanya mifugo tu. Kisha akaniambia jingine: kwao wamesikia kwamba kwetu kuna mwanajeshi atakayerudi na bunduki, na wametuma watu Kiteto kutafuta bunduki zao kabla hujafika. Yako haijavuka hata mto Kagera, na tayari inawatafutia watu kifo.

Ninyi adui yenu alivuka mpaka, kila mtu alimwona. Hapa sijui nani alivuka. Kila upande unaapa kwamba ulikuwa unajilinda, na ninapowasikiliza sioni anayedanganya. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mapanga.

Sasa nikwambie ninachofanya. Haya siyo niliyotumwa kuandika. Baba ameniagiza nikwambie uje na mojawapo ya bunduki mlizoteka wewe na wenzako, ummalizie kazi Lazaro. Amekaa hapa ubavuni mwangu, anatazama kalamu ikiandika asichoweza kukisoma. Ameniuliza kama nimeshafika kwenye bunduki. Nimemjibu, ndiyo Baba, nimefika.

Njoo mikono mitupu. Kama huwezi, usije. Baba akijua, atanifukuza, nami nitaondoka bila kumlaumu, kwa maana amezika mtoto. Sitaki azike wa pili.

Wasalimie wenzako wote, hasa wa Morogoro. Mama anakuombea kila asubuhi. Baba anasema nimalizie kwamba anakutegemea wewe. Hilo nimeliandika kama alivyolisema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Agnesi