Siku Maji ya Kisima Yalipougua Kisukari

Kwako shangazi yangu Bi Zainabu, Mola akulaze pema,

Leo nakuvunjia siri. Ulinikataza nisiseme habari ya zile chupa za asali maadamu uko hai, nami nikalishika neno lako, kwa sababu nakujua: ukikasirika hupigi wala hutukani, unaacha tu kunimiminia kahawa. Sasa miaka mingi imepita tangu tukuzike, na hapa kisiwani Amu wako wanawake ambao bado wanaona haya kupimwa sukari. Wanadhani kunyamaza ndiyo heshima. Basi barua hii ni yako, lakini mlango nimeuacha wazi, atakaye na asikilize.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, miaka ile ya hamsini, na mama yangu alikuwa amekwisha kufariki. Ulinilea kama niliyezaliwa chumbani mwako. Kisha nikaanza kunywa maji. Nilimaliza mtungi peke yangu, nikalala, nikaamka na kiu. Nikakonda hata bangili zikawa zinanitoka zenyewe. Mwalimu akaniandikia kombe kwa zafarani, nikanywa aya zilizooshwa kwenye sahani, nawe ukaniombea dua mpaka sauti ikakukauka. Lakini ni wewe uliyeona kwamba nikitoka mimi chooni sisimizi hujaa, na akitoka mwingine hawaji. Hukungoja shauri la mtu. Ulinizungushia kanga ukanipeleka hospitali.

Bahati yangu ilikuwa imeshuka bandarini mwezi ule ule. Daktari mmoja wa Kizungu alikuja kufanya utafiti wa kisukari kwa wanawake wa visiwani. Alitaka kujua kama sisi tunaokaa ndani ya nyumba za mawe, haluwa asubuhi na haluwa jioni, tunaugua zaidi ya wanawake wa Pate wanaoshinda shambani. Alikuja na sanduku la barafu, na ndani yake mlikuwa na insulini. Bwana Aboud, dresa aliyemsaidia daktari pale hospitali, ndiye aliyenidunga sindano ya kwanza. Siku ya tatu nikaomba chakula. Ulilia, Shangazi. Ulisema ni moshi wa jiko, na chumba kile hakikuwa na jiko.

Ila dawa ile ilikuwa ya utafiti. Daktari alikwambia wazi kwamba hospitali yetu haina nyingine. Utafiti ukifungwa, sanduku litaondoka naye. Na bila ile sindano mimi nisingemaliza mwezi.

Naye alichotaka kwa wanawake kilikuwa mkojo. Aligawa vichupa vyenye majina na namba, akangoja, hakuna aliyemrudishia hata kimoja. Nani angemrudishia? Bibi wa nyumba kubwa apitishe najisi yake mtaani, tena ndani ya kichupa ambacho kila mtu anakijua? Ndipo ukapata akili, na siku ile nilikuona huna mfano. Kupelekeana asali ni ada yetu, na hakuna anayeuliza chupa ya asali inakwenda wapi. Basi kila bibi akatia mkojo wake kwenye chupa ya asali iliyokwisha, akaifunga kitambaa, akamtuma mtumishi nyumbani kwako. Wewe ukawa unahamishia kwenye vichupa vya hospitali, unanawa mara saba, na Bwana Aboud anavichukua kwenye kapu. Watu wakasema mwaka huu nyuki wametuonea huruma.

Kule hospitali Bwana Aboud alikuwa akiutia mkojo kwenye dawa ya buluu na kuuchemsha. Wa mtu mwenye afya hubaki buluu. Wa mwenye sukari hugeuka mwekundu kama kigae. Mikojo yote iligeuka. Ya wazee, ya wasichana, hata ya yule jirani yetu aliyekuwa hagusi kitu kitamu tangu utotoni. Daktari akapeleka habari kwa wakubwa wake, na majibu yakaja makali.

Nakumbuka Bwana Aboud amesimama dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, nawe uko nyuma ya mlango, mimi nimekushika nguo.

"Bi Zainabu, wakubwa wake wasema ni upuuzi. Mui mzima wa Amu hauwezi kuwa na sukari. Arudi kwa meli iyayo."

"Na dawa?"

"Arudi nayo."

"Na mwanangu huyu?"

Akainua kapu lake tupu. Meli ilikuwa ije baada ya siku saba.

Mtu mwingine angelia, nami nililia kwa niaba yetu sote. Wewe uliinuka, ukaenda jikoni. Ulichukua chupa ya asali iliyokwisha, ambayo haikuwahi kutiwa kitu kingine, ukaitia maji ya kisima, ukaitikisa, ukayamimina kwenye kichupa cha hospitali. Ukakipa namba kama vingine, ukakituma. Hata adhuhuri haijaingia, Bwana Aboud alikuwa dakani anahema.

"Bi Zainabu, ni nani huyu? Huyu ni mgonjwa kuliko wote!"

"Huyo ni mayi ya kisima," ukasema. "Kisima changu kina kisukari. Mwambie bwana wako, zile tupa zilikuwa na mabaki ya asali. Mimi ndimi niloharibu kazi yake."

Ungeweza kunyamaza. Hakuna aliyekushuku, na aibu ingebaki kwa daktari. Lakini ulikubali kosa lako kwa sauti, ukiwa bibi ambaye mtaa mzima ulikuja kwako kutaka shauri. Daktari alicheka hata akakaa chini, akakutumia salamu kwamba jaribio lile lilikuwa safi kuliko yote yaliyofanywa katika utafiti wake. Kisha akakuomba mambo mawili: vichupa vilivyochemshwa, na mkojo utoke kwa mwenyewe uende hospitali moja kwa moja, usihamishwe popote.

Wanawake wakakataa. Ulizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulikujibu vile vile: nani atapita navyo mtaani, mchana, vikionekana?

"Mimi," ukasema. "Mficha uti hazai."

Na ulipita kweli. Ulivaa buibui lako, ukaweka vichupa kwenye sinia ya shaba, hukuifunika, ukakamata njia kuu ya mji saa tatu ya asubuhi, nami nyuma yako nimeshika ncha ya buibui. Siku ile vilikuwa vitatu tu: chako, changu, na cha jirani yetu asiyependa tamu. Wanaume wa barazani wakageuza shingo mmoja mmoja. Muuza nguo mmoja, aliyezoea kukuamkia kwa adabu, akashindwa kujizuia.

"Nni hizo, Bi Zainabu?"

"Ni mikoyo. Wa kwanda ni wangu."

"Huna haya, Bi?"

"Haya n'nayo. Lakini mwana n'naye mmoya."

Akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka, Shangazi! Kesho yake sinia ilijaa. Siku ya tatu haikutosha, na wanawake wakakufuata nyuma, kila mmoja na chake mkononi, mabuibui yamejaa njia nzima kana kwamba tunapeleka bibi harusi. Nilitembea mbele karibu yako nikatamani mama yangu aone.

Bwana Aboud alichemsha mpaka vidole vikamwungua. Buluu, buluu, buluu. Wachache tu wakageuka, na hao ndio daktari aliokuwa akiwatafuta. Kimoja cha vile vyekundu kilikuwa na jina lako.

Uliitazama ile rangi. Kisha ukanishika mkono, ukasema, "Basi tutakuwa wawili."

Wewe hukuhitaji sindano. Uliambiwa uache haluwa, na naapa sindano ilikuwa rahisi zaidi. Uliacha. Uliishi miaka mingi na ugonjwa ule, ambao hukujua unao, na ambao ungekumaliza kimyakimya kama si zile chupa. Daktari aliwapelekea wakubwa wake taarifa ya pili kwa simu, wakamruhusu abaki; meli ilikuja ikaondoka bila yeye. Na kabla hajamaliza kazi yake ikaja amri kwamba insulini iletwe hospitali ya Amu wakati wote, kwa yeyote atakayeihitaji. Bwana Aboud alipotusomea amri ile ulipiga kigelegele pale pale, katikati ya wagonjwa, nao wakakupokea.

Kuna jambo ulinificha na nikaja kuambiwa na Bwana Aboud siku ya matanga yako. Daktari alikwambia, wiki ile ya kwanza, usijipe tamaa ya kuniona nikiolewa.

Shangazi, nina wajukuu wanne. Mkubwa anaposwa mwezi huu.

Pumzika kwa amani,

Mwana wa kaka yako, niliye hai.