Kikombe cha Mama Ardhi

Pukamayu,
Mkoa wa Cusco,
14 Juni 2020.

Mpendwa mdogo wangu Hilario,

Pokea salamu zangu, bado zina vumbi la shambani. U hali gani huko Lima? Kifua kimepoa? Sisi huku wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi tu, na kila jioni anauliza kama umekula. Nami nauliza hivyo hivyo, na safari hii usinidanganye.

Barua yako ilinichoma. Kazi ya ujenzi imesimama, mtaa mzima mnapika chungu kimoja, na eti unaona aibu kutuomba kwa kuwa sisi ndio maskini. Aibu ya nini? Soma kwanza.

Tangu janga la korona lianze mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Sabuni walikubali, barakoa wakaivaa kwa kunung'unika. Vita ilikuwa kikombe. Unajua tunavyovuna viazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu: chicha, ile pombe yetu ya mahindi, inazunguka kwa kikombe kimoja, na kila mnywaji humwagia Mama Ardhi tone chini kwanza. Niliposema kila mtu aje na chake, Mzee Toribio aliweka jembe chini.

"Tangu lini watu wa shamba moja wakanywa kama wageni? Na Mama Ardhi je, naye tumvishe barakoa?"

Watu walivunjika mbavu. Nikamwambia, "Yeye, mzee, tunampa kikombe chake." Nikachukua kile cha udongo cha Mama, nikakijaza, nikammwagia Mama Ardhi. Kesho yake Toribio alikuja na kikombe kikubwa kuliko vyote, mjanja yule! Tukavuna, na mpaka leo Pukamayu haina mgonjwa.

Ndipo ukaja msaada. Bwana Valdivia wa halmashauri alitangaza redioni kwamba kila familia ya wakulima ishuke mjini Jumatatu, ipange foleni uwanjani, ichukue boksi la mchele, mafuta na sukari. Asiyefika basi tena. Na mjini kila mtaa una wagonjwa! Niwafundishe watu wasikaribiane, halafu niwapeleke wakabanane kwa ajili ya mchele? Nilimpigia simu.

"Tuleteeni huku. Lori linafika mpaka shuleni."

"Mama, mnapewa bure, bado mnataka na kubebewa?"

"Hatushuki."

"Haya, mkifa njaa msinililie."

"Viazi unavyokula hapo mjini ulilima wewe?" Nikakata simu.

Hilario, usidhani ilikuwa rahisi. Jirani yetu Gregoria, tangu afiwe na mumewe, analea watoto peke yake, na mafuta yalikuwa yamemwishia. Aliniuliza mbele ya watu, "Eulalia, wanangu wakilala njaa, utakuja kuwapikia wewe?" Nikasema nitapika, na nilipika. Mama alitoa chuño, vile viazi vyake vya kukausha, na Toribio akaleta mguu wa kondoo. Jumatatu hakushuka mtu.

Ijumaa lori likapanda. Mchele ulikuwa umerundikana stoo, na wakubwa wa Valdivia walitaka kujua kwa nini. Aliteremka akaninyoshea mkono. Nikautilia sabuni.

"Nawa, bwana. Mpaka nyuma ya viganja."

"Katikati ya vidole bado!" Toribio akapaza sauti kutoka mbali. Valdivia akarudia, amenuna.

Kila boksi lilifikishwa mlangoni. Lori lilipobaki tupu, Gregoria, niliyekuwa nimemsomea barua yako, aliuliza kama litarudi hivyo hivyo. Kabla hajajibiwa alikuwa ameshaburuta gunia lake la viazi. "Hili ni la Hilario na wenzake wa chungu kimoja," akasema. Basi kila nyumba ikatoa lake, hata lori likainama. Valdivia aliduwaa, kisha akakubali kuyafikisha kwenye gari la Lima. Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo barua hii inakuja na magunia. Wagawie wenzako, na wakikuuliza yametoka wapi, waambie kwa wale maskini wa milimani. Kwenye gunia la Gregoria nimekufungia kikombe chako cha bati. Usimwazime mtu.

Wanakusalimu Mama, Toribio na Gregoria. Msalimie shangazi Benita. Mungu akulinde, na Mama Ardhi, aliyekwisha kunywa kwa ajili yako, akurudishe mzima.

Ni mimi dada yako, akupendaye na asiyeshuka,

Eulalia