Mkono Uliokosea Njia

Mjukuu wangu Zaina,

Sisi hapa Mahajanga tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza mikono huwekwa wapi kwenye dansi, maana unaogopa kukosea. Mwanamume humshika mwenzake mgongoni. Mwanamke huweka mkono begani.

Nami niliogopa. Kule Nosy Be, enzi za Wafaransa, tulijifunza wasichana kwa wasichana, na kwa urefu wangu nilishika nafasi ya mwanamume. Siku ya dansi yenyewe kijana akanijia, mkono wangu ukaenda wenyewe mgongoni mwake. Watu wakatukodolea macho. Nikawaza, baba akisikia?

Yule kijana akaweka mkono wake begani kwangu. "Haya, niongoze," akasema.

Huyo ndiye babu yako. Mpaka tunamzika, hakuniambia niuondoe mkono wangu mgongoni mwake.

Bibi yako,
Fatima