Miche Uliyoing'oa, Wifi

Wifi yangu mpendwa,

Sijui kama huko Maswa ulikolala kuna mtu wa kukutania. Mimi huku nimebaki na utani mwingi na sina wa kumpa.

Ufuta wa mama umechomoza tena, nikakumbuka msimu wako wa kwanza hapa Naipingo. Ulikuwa mwalimu mgeni kutoka Usukumani, kaka yangu alikupata Ruangwa akakuoa. Ufuta ulikuwa umeota mzito mpaka ardhi haionekani, nasi tunajisifu. Wewe ukainama ukaanza kuung'oa. Unaacha mche, unapima kiganja, unaacha mwingine, iliyo katikati unaitupa. Ulipofika nusu ya shamba mama akakuzuia. Alisema kwa Kimwera maneno ambayo nilikataa kukutafsiria.

Ukanieleza mimi, kwa upole wako ule ulionikera. "Baba yangu alibananisha pamba, wifi. Ikarefuka tu. Vitumba vya chini vikakosa hewa, vikaoza, na hata vilivyopasuka nyuzi zake zilikuwa dhaifu, zina madoa. Pale kituo cha kununulia wakaitenga daraja la pili, mwenyewe anaangalia."

"Huku hatulimi pamba," nikakujibu.

"Ufuta nao unataka kupumua."

Kesho yake alfajiri nikaenda kimyakimya kuirudisha ile miche ardhini. Cheka tu. Kufika saa sita yote ilikuwa imenyauka. Mama alipouliza nani kafanya kituko kile, magoti yangu yalikuwa bado na udongo, na uliyaona. Ukasema, "Ni mimi, mama. Nilikuwa najaribu." Msimu mzima akawa anakuita mwalimu wa kung'oa na kupandikiza, hata mbele ya majirani, na mimi nikacheka nao.

Wakati wa kuvuna, nusu yako ilikuwa na matawi tangu chini, maganda yamejaa, mbegu nene. Nusu yetu ilikuwa vijiti virefu vilivyolazwa na upepo. Mama akaufuata upunguzaji wako, ila lile jina hakukufutia. Nawe hukunitaja hata siku moja, mpaka mkahamia kwenu, mpaka ukafariki.

Nilikuwa nakuonea wivu, wifi. Ulikuwa mtu mwema kuliko mimi, na nilijua tangu siku ile ya magoti.

Jana tulikuwa tunapunguza miche, mama amekalia ndoo, ananielekeza kwa fimbo. Nikamwambia ukweli. Akaiweka fimbo chini.

"Ukaniacha nimcheke mtoto wa watu bure?"

"Ndiyo, mama."

"Mwandikie. Na mimi uniweke humo."

Nikamwambia huwezi kusoma tena. Akasema hata yeye hajui kusoma, niandike tu.

Tunakuomba radhi,

Wifi yako, na mama mkwe wako aliyeketi hapa pembeni anauliza kama nimemaliza.