Nilimngoja Zuhura Aseme

Mpendwa Papa,

Tangu tulipokuzika hapa Kashebere sijakuandikia, lakini wiki hii lazima. Mdogo wetu Zuhura ameposwa, na kwa kuwa wewe na babu mmetangulia, walii wake wa kumwoza ni mimi. Baba mdogo ndiye aliyewaleta wageni kutoka Bweremana. Mposaji ni mtu wa swala, anauza samaki wa ziwani, na hata mimi nilimpenda.

Ila kabla sijafungua mdomo nilikumbuka siku dada Mwamini alipoposwa. Ulikwenda kumwuliza jikoni naye akitwanga sombe. Hakujibu, aliendelea kutwanga tu. Ukarudi kwa wageni umejaa furaha: "Amenyamaza. Njo kusema amekubali." Ndivyo tulivyofundishwa madrasa, kwamba binti huona haya na ukimya wake ni idhini. Lakini mimi nilikuwa mlangoni, Papa. Majani ya muhogo ya hiyo sombe yalikuwa bado yote kwenye kikapu. Dada alikuwa anatwanga kinu kitupu huku machozi yakimtoka. Niliona, nami nikanyamaza. Hilo sikuwahi kukwambia, na linaniuma hadi leo.

Miaka miwili haikuisha, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Hukumkaripia. Ulimtandikia mkeka wako mwenyewe, ukakaa nje hadi adhuhuri. Na ulipokuwa mgonjwa ulinishika mkono: "Mbele ya kujibu watu, ngoja mutoto aseme. Mimi sikungoja."

Basi safari hii nimengoja. Nilivuta kigoda, nikakaa na Zuhura kando ya chungu cha maharage, nikamwuliza. Akanyamaza. Baba mdogo akapaza sauti kutoka nje kwamba jibu limeshapatikana, nitoke. Sikutoka. Maharage yalichemka, yakaiva, nami nimekaa tu na moshi machoni. Mwishowe akasema polepole: "Ule muntu haiko mubaya, kaka. Lakini mi simutaki."

Nikatoka, nikawaambia wageni kwa heshima zote kwamba hapana. Baba mdogo aliondoka bila kula, nawe unamjua, si mtu wa kuacha sahani. Anasema nimemwaibisha, na Ijumaa atanishtaki kwa shehe ili nivuliwe uwalii. Na aende. Nampenda na nitamwamkia kama kawaida, ila jibu langu halibadiliki, hata nikisimamishwa mbele ya msikiti mzima. Sikupewa uwalii ili nimfunge Zuhura mdomo.

Jana mchana nilisikia mchi jikoni. Nikasogea, nikachungulia ndani ya kinu kama mwizi. Kilikuwa kimejaa sombe. Mwamini akaniuliza natafuta nini, nami nikamwambia yote niliyoyaona siku ile mlangoni. Alinitazama, kisha akaendelea kutwanga.

"Ijumaa tutaenda wote," akasema. "Mimi pia nitasema."

Pumzika, Papa. Safari hii tutamsikia Mwamini.

Mwanao, walii wa Zuhura